Ikulu ya Nakuru: tunaipita kila siku, lini tutaruhusiwa kuiona?

Mwalimu_Menengai

Wanajamvi, salaam kutoka Nakuru.

Nafundisha historia katika shule ya upili ya kutwa hapa mjini. Nikifika kwenye mada ya uhuru na serikali za mwanzo, wanafunzi huniuliza swali lilelile: Mwalimu, mbona hatuendi Ikulu? Hawa ni watoto wa hapahapa. Wanapita mtaa wa Milimani wakienda michezoni, wanaona ua, miti mirefu na askari getini, basi. Makumbusho ya Hyrax Hill wamekwenda. Menengai wamepanda hadi ukingoni wakachungulia shimo la volkeno. Lakini nyumba ambamo mambo mengi ya nchi hii yalizungumzwa hawajui hata mlango wake umeelekea wapi.

Na si nyumba ya kupuuzwa. Mzee Kenyatta aliipenda Nakuru. Alikuja akakaa, na serikali ikamfuata: mawaziri, wajumbe kutoka wilayani, vikundi vya ngoma vya kumtumbuiza jioni. Kabla hata hajawa Rais, Agosti 1963, alikutana na walowezi wazungu hapa Nakuru akawaomba wabaki walime, na kila upande usamehe yaliyopita. Mwaka 1976, mkutano wa hadhara wa Nakuru ndio uliowasha ile kampeni ya kutaka Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais asishike madaraka kwa muda Rais akifariki. Makamu huyo alikuwa Moi, na nyumbani kwake Kabarak si mbali na hapa. Tarehe 22 Agosti 1978 Mzee alifariki Ikulu ya Mombasa. Moi alikuwa Kabarak, na siku hiyohiyo akaapishwa Nairobi. Historia hiyo yote imezunguka mji huu, nami naifundishia ubaoni kwa chaki.

Najua mtaniambia wananchi huingia Ikulu. Ni kweli. Kwaya na vikundi vya maigizo vilivyoshinda mashindano ya kitaifa hualikwa kutumbuiza. Wajumbe wa kaunti huitwa, wanapewa chai, wanapiga picha na Rais, wanapanda basi na kurudi kwao. Lakini hao wote wanaingia kwa ajili ya mtu. Hakuna anayeingia kwa ajili ya nyumba: aulize nani aliijenga, nani aliishi humo kabla ya uhuru, wageni gani walipokelewa ukumbi upi. Ukialikwa umealikwa na aliyepo madarakani, na asiyemfahamu mtu hafiki.

Ninachotaka ni kidogo. Siku moja kwa mwaka, bustani na chumba kimoja au viwili visivyo na kazi ya siri, raia aonyeshe kitambulisho, apekuliwe, aingie, aelezwe, atoke. Waliofika kwenye ikulu za nchi nyingine, tuambieni wenzetu wanafanyaje.

JaKisumo

Mwalimu, umegusa jambo ambalo nimelibeba moyoni siku nyingi.

Kazi yangu ni ya samaki, na kazi hiyo ilinifikisha Dakar, Senegal. Ikulu yao iko Plateau, katikati kabisa ya mji, kwenye barabara yenye jina la Léopold Sédar Senghor, Rais wao wa kwanza. Ni jengo jeupe, kubwa, bahari ya Atlantiki iko nyuma yake. Wafaransa walilikamilisha mwaka 1907 likawa makao ya gavana mkuu wa Afrika Magharibi yote ya Kifaransa. Sasa tazameni: 1907 ndio mwaka ambao Waingereza nao walijenga nyumba ya gavana Nairobi, ndiyo Ikulu yetu ya leo. Nyumba mbili za umri mmoja, zote za gavana wa kikoloni, zote zikarithiwa na Rais mwafrika.

Lakini ya Dakar inaonekana. Ua wake ni wa vyuma, unaona hadi ndani. Getini amesimama askari wa sare nyekundu, wima, hata jicho halipepesi. Wageni wanakuja na kamera. Nilimwendea aliyekuwa zamu kando, nikamwonyesha simu, akaitikia kwa kichwa na kuninyooshea mkono nisimame wapi. Karibu yangu palikuwa na mama na binti zake wawili waliovaa nguo za sikukuu, nao wakapiga yao. Baada ya hapo kila mtu akaenda zake, wengi wakiteremka bandarini kupanda kivuko cha kisiwa cha Gorée.

Ndani sikuingia, na siku hiyo sikuona raia aliyeingia. Ila mtoto wa Dakar anaijua sura ya Ikulu yao anavyoijua sura ya shule yake. Kwa hiyo mimi naona tudai kuona kwanza, kuingia kufuate.

Kerubo_S58

Naomba kuuliza jambo la kawaida tu. Dada yangu anakuja kutoka Kisii na watoto. Nikiwapitisha Milimani wakapiga picha getini, kuna neno?

Mstaafu_Lanet

Dada Kerubo, kupita barabarani si kosa, hiyo ni barabara ya umma. Ila kusimama na kuelekeza simu getini, hapo utaitwa uulizwe maswali mbele ya watoto. Ikulu na Ikulu ndogo zote ni maeneo yanayolindwa, chini ya Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204. Hakuna kuingia bila ruhusa, na kupiga picha hakuruhusiwi. Droni ndiyo kabisa, maana hata mahali pa kawaida inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege. Wapitishe, waonyeshe kwa mdomo, endeleeni na safari.

Mwalimu, heshima yako. Nimevaa sare ya nchi hii karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nitasema upande ambao haujasemwa.

Ikulu ni nyumba ya historia, sikatai. Lakini kwanza ni mahali pa kazi, na kazi yenyewe ni nzito. Kitu ukishakionyesha hukifichi tena. Ukimpitisha mtu ukumbini, amejua mlango uko wapi, ngazi ziko wapi, kutoka getini hadi barazani ni hatua ngapi. Wageni mia tisa na tisini na tisa hawatakuwa na nia mbaya, lakini askari analala macho kwa sababu ya yule mmoja. Sisi tuliokuwa kazini tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, tunajua serikali inavyoweza kutikisika asubuhi moja. Na majuzi tu, Juni 2024, vijana walipotangaza kwenda Ikulu ya Nairobi, mliona barabara zilivyofungwa. Hali ikiwa hivyo, nani atatia saini kufungua bustani?

Askari wa getini hana nafasi ya kukosea. Naomba mkumbuke hilo mnapomlinganisha na wa Dakar.

Mwalimu_Menengai

Mzee Mstaafu, asante kwa kuandika kwa utulivu. Ya mwaka 1982 siwezi kukufundisha, wewe ulikuwepo.

Lakini nisaidie hapa. Kwaya ya shule inapoalikwa Ikulu, majina hutumwa mapema, watoto hupangwa foleni, mifuko hupekuliwa, mwalimu huambiwa asimame wapi na apite wapi. Watoto hao pia wanaona mlango na ngazi. Kwa hiyo utaratibu wa kupokea raia wengi kwa usalama upo tayari na unafanya kazi. Kinachokosekana ni siku ya raia ambaye hajashinda kombe na hajatumwa na mbunge.

Halafu kuna hasara nyingine ambayo usalama hauiponyi. Mwaka 2025 Ikulu ya Nairobi ilipobadilishwa sura, paa likiwemo, nchi nzima ilibishana. Wengine wakasema urithi umeharibiwa, wengine wakasema imependeza. Nikajiuliza, ni wangapi kati yetu waliwahi kuliona lile paa la zamani kwa macho yao? Tulibishana juu ya nyumba yetu kwa picha za mitandaoni, nyumba ambayo hatujaikanyaga. Mtu hawezi kulinda asichokijua. Nyumba ya Nakuru nayo ikibomolewa ukuta mmoja kesho, nani hapa atajua kimepotea nini?

Msafiri_Webuye

Mimi nimefika Addis Ababa na naomba mfano wao uwekwe mezani, kwa sababu wao hawakuishia kwenye kuona.

Eneo la kasri la Menelik II, juu ya mji, lilikuwa limefungwa kwa raia kwa miaka na miaka. Oktoba 2019 serikali ya Abiy Ahmed ikafungua sehemu yake na kuiita Bustani ya Umoja. Unakata tiketi, unapita kwenye mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege, unaingia. Ofisi ya Waziri Mkuu iko ndani ya eneo hilohilo! Upande mmoja nchi inaendeshwa, upande wa pili familia zinatembea na watoto wanakula aiskrimu.

Niliingia kwenye ukumbi wa karamu wa Menelik, mkubwa kiasi kwamba ukisema kwa sauti ya kawaida maneno yanapotelea juu. Nikaona jengo la kiti cha enzi. Kuna simba wa Ethiopia wenye manyoya meusi shingoni, na kuna mabanda ya majimbo yao, kila jimbo limejieleza. Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba hawakufungua mazuri peke yake. Baada ya mapinduzi ya 1974 Dergi, yaani utawala wa kijeshi, waliwafungia wakuu wa serikali ya Haile Selassie ndani ya kasri hilohilo, na aliyetutembeza alituambia hayo bila kupunguza sauti. Wazee wa Kihabeshi tuliokuwa nao kwenye kundi walisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Mzee Mstaafu, Ethiopia imepita kwenye vita na mapinduzi kuliko sisi. Kama wao wamepata njia, nasi tunaweza.

BintiElureko

Naongeza neno kutoka Mumias. Mnaongea kama kwamba makao ya watawala yalianza na magavana. Hapa Elureko, ndiyo Mumias yenyewe, Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga alikuwa akipokea misafara ya Waswahili na baadaye Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Waingereza walifanya Mumias kituo chao cha utawala, na makao hayakuhamia Kakamega hadi 1920. Mumia alifariki 1949, na makaburi ya watawala wa Wanga yako Matungu. Kule unaingia kwa kupiga hodi na kuzungumza na wazee. Hakuna bunduki, na heshima iko palepale. Mwalimu, walete wanafunzi wako huku pia, wazee wetu wanapenda kuulizwa.

JaKisumo

Asante dada wa Elureko.

Nataka kurudi kwenye alilosema Msafiri, la kufungua na machungu. Sisi Kisumu tuna Ikulu ndogo yetu pale Milimani ya kwetu. Watu wa kwetu hawaitazami kwa jicho ambalo watu wa Nakuru wanaitazama yao, na sababu ni tarehe 25 Oktoba 1969. Siku hiyo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali ambayo hadi leo wazee wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, wakarushiana maneno mbele ya umati, fujo ikazuka, risasi zikapigwa, na msafara ukaondoka ukiwa umeacha maiti, wakiwemo watoto. Siku chache baadaye chama chake cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Kenyatta hakurudi Kisumu hadi alipofariki.

Kwa hiyo kijana wa Kisumu anapopita kwenye geti la Ikulu ndogo, habari aliyorithi kuhusu Rais na mji wake ni hiyo. Hakuna aliyemfungulia mlango akamwambia nyingine, wala hakuna aliyemwambia hiyo yenyewe kikamilifu. Mimi ningetaka chumba kimoja mle ndani kiwe na picha na majina ya waliouawa 1969. Kiwe kwenye nyumba ya serikali yenyewe, siyo makaburini tu. Wageni wakitaka kumjua Jaramogi wanakwenda Bondo, Kang'o, na huko wanapokelewa vizuri na familia. Serikali nayo ifungue upande wake wa hadithi.

Omera, ndugu yangu, nimeandika haya kwa uchungu lakini si kwa chuki.

Mstaafu_Lanet

JaKisumo, nimesoma. Hapo sina la kubishana nawe.

Kasri_Ngata

Mimi hutembeza wageni Nakuru, na niseme wazi kwamba Ikulu ni swali la kila kundi. Mkenya anauliza, mgeni wa ng'ambo anauliza. Jibu langu huwa kupita polepole Milimani bila kusimama, nikiwaeleza ndani ya gari, halafu tunapandisha Menengai. Kule juu, ukiupa uso mji, unaona mpangilio wote: mtaa wa wakubwa umekaa mteremkoni penye hewa baridi na miti, chini yake mji wa biashara na reli, na mwisho kabisa ziwa. Ukoloni uliandikwa kwenye kilima hiki. Nikimwonyesha mgeni hilo anaelewa kwa nini Ikulu iko ilipo bila kuhitaji kuingia.

Dada Kerubo, watoto wa dada yako wapeleke Kasri la Lord Egerton, Ngata. Ni nyumba ya mlowezi tu, wala si ya mtawala, lakini ndiyo nyumba kubwa ya enzi hizo ambayo utaingia hadi vyumbani. Alianza kuijenga 1938, vita vikasimamisha kazi, ikamalizika 1954, naye akafariki 1958. Kuna ukumbi wa kucheza dansi, ngazi za mbao, vyumba zaidi ya 50 kwa mtu mmoja ambaye hakuoa. Watoto huuliza maswali makali sana mle: ardhi yote hii aliipata wapi, nani alibeba mawe? Sasa nyumba iko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, unalipa kiingilio, unapata mtu wa kukutembeza.

Na Mwalimu, ushahidi wa kwamba nyumba ya serikali inaweza kugeuka ya wananchi hauko mbali. Makumbusho ya Kabarnet yako kwenye nyumba iliyokuwa ya mkuu wa wilaya (DC). Kapenguria, vyumba walimofungiwa Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi yao ya 1952 na 1953 ni makumbusho leo. Wafungwa wamefunguliwa milango, magavana bado.

Kerubo_S58

Asante sana Kasri. Tutakwenda Ngata. Na nimewaambia wasitoe simu Milimani.

Mstaafu_Lanet

Nimelala na jambo hili. Niwaambie ambacho mtu wa usalama anaweza kukubali, na ambacho hatakubali hata mkiandamana.

Hatakubali vyumba vya kulala, ofisi, jikoni, wala upande wa magari. Hatakubali siku iliyotangazwa kwa mwaka mzima ilhali ratiba ya Rais haijulikani. Hatakubali simu ndani.

Anaweza kukubali hivi: majina na nambari za vitambulisho zitangulie wiki kadhaa, makundi madogo, yaongozwe na mtumishi wa Ikulu mwenyewe, bustani, baraza la mbele na ukumbi mmoja, siku ambayo Rais hayupo katika kaunti, simu na mikoba ibaki getini, mpiga picha awe wao, na picha mtumiwe. Na mwanzo mzuri ni Ikulu ndogo kama Kisumu, Kakamega na Eldoret, ambako Rais hafiki ila mara mojamoja. Nakuru ifuate ikionekana hakuna lililoharibika.

Mwalimu, ukiandika ombi la namna hiyo, mkuu wa kituo hatakuona adui. Atakuona mtu aliyefikiria kazi yake.

Mwalimu_Menengai

Mzee, Mungu akuweke. Haya masharti nayachukua yote kama yalivyo.

Nimeanza rasimu, na zitakuwa barua mbili. Ya kwanza ni ombi la ziara, kwa Msimamizi wa Ikulu kupitia mwalimu mkuu wangu, nakala kwa Kamishna wa Kaunti. Ya pili ni ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Ofisi ya umma ikiombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na isipojibu unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hapo sitauliza chochote kinachogusa ulinzi. Nitauliza nyumba ya Nakuru ilijengwa mwaka gani, kwa amri ya nani, nani aliichora, imefanyiwa mabadiliko gani makubwa, na kama zipo picha za zamani zinazoweza kunakiliwa. Hata ombi la ziara likikataliwa, picha hizo zinaweza kutundikwa Hyrax Hill au maktabani, na mwanafunzi wa Nakuru aione nyumba hiyo kwa mara ya kwanza bila mtu yeyote kufungua geti.

Msafiri, nitumie maelezo ya namna Addis walivyopanga ukaguzi, niyaambatishe. JaKisumo, nahitaji ile picha yako ya Dakar.

JaKisumo

Picha nakutumia leo. Na barua yako ukiimaliza niwekee hapa, niibadilishe jina la mji niipeleke kwa ajili ya Kisumu. Nitaongeza lile ombi la chumba cha 1969, na nitawaomba wazee wa Kondele wawili watatu watie sahihi pamoja nami.

BintiElureko

Mwalimu, kwenye orodha yako ya wanafunzi usisahau kutaja kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu. Nyumba za zamani zina ngazi nyingi, na wasipojua mapema watamwacha getini.

Mwalimu_Menengai

Yupo mmoja, kidato cha pili. Nimeshaiongeza kwenye aya ya tatu.